Matangazo ya Chumba cha Mbele

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako ya bwawa. Sisi huku hatujambo. Bibi ni mzima, ila goti lake la kushoto bado linalalamika kila asubuhi mpaka alitembeze kidogo uani. Mama alipiga simu juzi kutoka kazini kwake, anakusalimu. Mimi nimemaliza shule kama unavyojua, na matokeo bado, kwa hiyo nimeambiwa nikae na Bibi nimsaidie katika ofisi yake ya kuandikia watu barua, pale chumba cha mbele, hadi yatoke.

Sijazoea kukuandikia. Mwanzo wa barua hii nimeuandika mara tatu. Bibi anasema huko kwako simu haishiki na barua zinakwenda kwa dereva wa lori la mafuta kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo nisikusumbue kwa mambo madogo. Sijui kama hili ni dogo.

Ni kuhusu ile kompyuta uliyomletea mwezi uliopita. Bibi ameipenda. Ile taipureta ya zamani ameifunika kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Lakini tangu nifike, kompyuta inaleta matangazo yenyewe. Hatujagusa kitu, tunaona dirisha limefunguka katikati ya kazi. Jana nilihesabu nikafika arobaini na moja, kisha nikaacha kuhesabu.

Kinachonitesa ni namna Bibi anavyofanya kazi. Skrini ameigeuzia kwa mteja. Anasema barua ni ya mteja na maneno ni yake, ayaone yanavyoingia. Yeye mwenyewe haangalii sana, vidole vyake vinajua njia. Kwa hiyo tangazo likitokea, anayeliona kwanza ni mteja.

Wiki iliyopita alikuja Sajini mstaafu, yule mwenye tumbo la kutangulia mlangoni. Alikuwa anaandikisha barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Bibi alikuwa amefika kwenye "mimi ni mtu mwenye afya njema," mara dirisha likafunguka lenye picha ya tumbo kubwa na maandishi mekundu: KITAMBI KAMA HIKI? KIMALIZE KWA SIKU TISA! Sajini alisoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Mama, hiyo nayo umeiandika wewe?"

"Hapana, Sajini. Ni mashine."

"Mashine imeniona wapi?"

Nilijificha nyuma ya printa, nikajifanya napanga karatasi. Sajini mwenyewe alicheka, lakini wakati wa kuondoka alilivuta shati lake chini mara mbili, na mimi nikaona aibu kwa niaba ya kila mtu.

Bibi hajakasirika. Anasema hao nao ni watu wanaotafuta riziki. Mimi ndiye ninayeshindwa. Naomba uniambie nifanye nini.

Mpwa wako,
Kimya


19 Machi

Kimya,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la mafuta pembeni lakini inasomeka. Nashukuru kusikia kwamba goti la Mama ni tatizo lile lile na si jipya. Hapa nipo. Lango la tatu la bwawa limekwama tena, na mwenzangu wa zamu yuko likizo ya ugonjwa, kwa hiyo ninalala kwa vipande. Usimwambie Mama.

Sasa sikiliza. Matangazo hayaji yenyewe. Kuna programu iliyoingia humo ndani na ndiyo inayoyaita. Na programu haiingii bila mtu kuikubalia. Dirisha likitokea usibonyeze Ndiyo, usibonyeze Endelea, usibonyeze chochote kilichoandikwa kwa herufi kubwa za rangi. Tafuta alama ya X pembeni, juu kabisa. Uwe mwangalifu, kuna X nyingine ni mchoro tu, ukiigusa umekubali. Ukiona imekaa katikati ya picha, hiyo ni ya uongo. Ukishindwa kabisa, zima mashine.

Baada ya hapo fungua orodha ya programu. Nimekuchorea njia ya kufika huko nyuma ya karatasi hii. Ondoa kila usichokijua: za kusafisha kompyuta, za kuongeza kasi, za kutabiri hali ya hewa, zote. Hakuna anayesafishia watu kompyuta bure. Ile ya kutazamia mpira iache, haina neno. Kisha uwashe upya mashine.

Na unijibu hili: ni nani anayebonyeza? Kama ni Mama, niambie. Macho yake yakoje siku hizi? Nilipokuwa hapo Februari niliona anaisogeza karatasi puani. Ana miaka sabini na mbili, na mimi siwezi kuacha bwawa kila dirisha linapofunguka.

Jirani yetu muuza viatu ameniuliza tena, kupitia dereva, kuhusu kile chumba cha mbele. Anataka kutanua duka.

Msalimie Mama.

Mjomba wako


5 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole na lango, na pole na usingizi. Sijamwambia Bibi. Huku mvua imeanza, na bati la jikoni linavuja mahali pale pale ulipoziba, tumeweka ndoo. Matokeo bado hayajatoka. Mama amesema nisiyafikirie sana, na hapo ndipo ninapoyafikiria.

Nimefanya yote uliyoniandikia. Nilikuta programu saba nisizozijua. Kila moja nilipotaka kuiondoa iliniuliza kama nina hakika, na moja ilikuwa na picha ya mbwa anayelia, imeandikwa "Tumekukosea nini?" Mjomba, nilikaa na mbwa huyo muda mrefu kuliko inavyostahili. Halafu nikaiondoa. Ya mpira niliiacha kama ulivyosema.

Siku mbili kompyuta ilikuwa kimya, nikafurahi. Ya tatu programu zikarudi. Sasa ni tisa. Kuna moja inapiga muziki hata kama hakuna dirisha lililofunguka, ngoma na vinanda, na hatuoni unatoka wapi. Mteja mmoja alisema ofisi imechangamka. Bibi alimshukuru.

Nimekuwa nikiziandika kwenye daftari, jina la kila programu na tarehe iliyoingia, maana orodha inaonyesha tarehe. Nilidhani itanisaidia kuelewa.

Umeuliza ni nani anayebonyeza. Ni mimi. Nisamehe. Nitakuwa makini zaidi.

Bati tumepata fundi wa kuliangalia, atakuja mvua ikipungua.

Mpwa wako,
Kimya


7 Aprili

Kimya,

Naandika haraka, dereva yuko getini anapiga honi. Barua yako sijaipata, labda umeandika na tumepishana. Lakini dereva amenisimulia. Alipita hapo kuchukua fomu zake, anasema mashine inaimba, na Mama yuko mbele yake ameinamisha kichwa anaongea nayo. Anaongea nayo! Anaiambia "haya mwanangu, endelea." Dereva alidhani ni jambo la kuchekesha. Mimi sikucheka.

Nimeamua. Likizo yangu ni mwezi wa saba. Nitakuja, nitaichukua mashine, na chumba cha mbele tutampa muuza viatu. Mama amefanya kazi tangu kabla sijazaliwa. Sasa apumzike, akae uani ajinyooshee goti. Nimempa dereva ujumbe kwa jirani aanze kujiandaa.

Usimwambie Mama bado. Nitamwambia mwenyewe nikija. Nakuamini, wewe ndiye mtu pekee katika familia hii anayejua kunyamaza.

Mjomba wako


3 Mei

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mwenzako wa zamu amepona. Sisi ni wazima. Bati limezibwa. Mama atakuja wikiendi ijayo kama atapata ruhusa.

Barua yako niliisoma stoo, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kiatu changu cha shule kwa kuwa hakuna mtu anayekifungua tena. Sijamwambia Bibi. Lakini Mjomba, sijui kama unajua ulichoniachia. Kila asubuhi anafungua mlango wa mbele, anafuta meza, anaipangusa ile kengele ya mapokezi aliyoagwa nayo hospitali alipostaafu, anaigonga mara moja kusikia kama inalia, kisha ananiambia, "Haya, tumefungua." Mimi naitikia huku najua.

Muuza viatu alikuja na utepe wa kupimia. Alidhani Bibi amekwenda sokoni. Bibi alitoka uani akamkuta ameunyoosha ukutani.

"Jirani, unapima nini?"

"Aa, Mama... napima tu."

"Unapima nini na ukuta ni wangu?"

"Naona kama umeinama."

"Umeinama tangu lini? Mimi nimesimama nao miaka kumi na nane."

Akaondoka, utepe unajikunja nyuma yake. Bibi aliuangalia ukuta kwa muda. Kisha akaniangalia mimi. Nikaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Kuna jambo jingine. Nilitaka nisikuandikie, lakini usiku wa jana nimeshindwa kulisahau.

Alikuja mama mmoja mfua nguo wa mtaa wa nyuma. Hajui kuandika vizuri. Alitaka barua kwa dada yake, ambaye hawajasemezana miaka sita. Simu alisema hawezi, akisikia tu sauti ya dada yake atakata. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono yake bado imekunjamana kwa maji, akaanza kusema. Mwanzoni alisema kidogo kidogo. Halafu alilia, na akaendelea kusema huku analia, na Bibi aliandika bila kumkatiza, bila hata kumwambia asilie. Nilikuwa nasoma kwenye skrini. Sijawahi kusoma kitu kama kile hata shuleni. Ilifika ukurasa na nusu.

Dirisha likafunguka. Lilisema kompyuta iko hatarini na tafadhali izimwe na kuwashwa upya ili ilindwe. Kompyuta ikazimika, ikawaka, na barua haikuwepo. Bibi hakuwa ameihifadhi, anaihifadhi mwishoni, kama alivyokuwa anaitoa karatasi kwenye taipureta mwishoni.

"Pole sana mama," Bibi alimwambia. "Tuanze tena, taratibu."

Yule mama alifuta uso kwa kanga. "Nilishasema. Yale hayarudi."

"Jaribu tu."

Alifikiri. Kisha akasema, "Mwandikie kwamba nipo." Basi. Bibi akaandika hilo neno moja katikati ya karatasi nzima, akaichapa, akaikunja. Muziki ulikuwa unaendelea.

Nimechoka, Mjomba. Sijui kama mtu wa umri wangu anaruhusiwa kuchoka hivi. Naondoa tisa, zinarudi kumi na moja.

Mpwa wako,
Kimya


20 Mei

Kimya,

Marahaba. Mwenzangu amerudi lakini anakohoa, kwa hiyo ni kama nusu mtu. Lango la tatu limefunguka, la kwanza limekwama. Ndiyo maisha ya hapa.

Barua zako zote mbili nimezisoma kwa mpigo, ya Aprili, ambayo dereva aliisahau chini ya kiti, na ya Mei. Unaandika vizuri, na hilo linanipa taabu, kwa sababu ninaona pia unachokiruka. Unaniambia ni wewe unayebonyeza. Binti, wewe huwezi hata kubisha hodi ukasikika. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasimama nje ya mlango mpaka mtu atoke kwa shughuli zake ndipo akukute. Mtu kama huyo haendi kubonyeza Ndiyo kwa watu asiowajua. Na kwenye habari ya mfua nguo umeandika "dirisha likafunguka" na "kompyuta ikazimika." Katikati ya hayo mawili pana kidole. Hukukitaja ni cha nani.

Sikulaumu. Unamlinda, na mimi ningefanya hivyo. Lakini ona limefika wapi. Mteja amelia na barua yake imepotea. Kesho itakuwa hati ya kiwanja ya mtu au cheti cha kifo. Mama alikuwa na jina zuri katika mji ule, hospitali nzima ilimjua. Nataka aondoke kwenye meza ile akiwa bado nalo.

Naomba ufanye haya. Boksi la kompyuta liko stoo, nyuma ya mikeka. Litoe, ulipanguse. Andika orodha ya kazi za wateja ambazo hazijachukuliwa. Nitafika tarehe tano Julai. Nahitaji kujua kwamba tuko pamoja katika hili, maana peke yangu sitaweza kumwambia. Sihitaji barua ndefu. Niandikie neno moja tu, ndiyo, nitaelewa.

Mjomba wako


8 Juni

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Bibi ni mzima, Mama ni mzima, alikuja na amerudi kazini. Matokeo yametoka. Nimefaulu, si kwa kishindo, lakini nimefaulu. Bibi aligonga kengele mara tatu.

Hii itakuwa barua ndefu, naomba uivumilie.

Ni Bibi anayebonyeza. Nilikudanganya mwezi wa nne na sikujisikia vizuri hata siku moja tangu hapo. Lakini si macho. Macho yake yanasoma maandishi ya chupa ya dawa kuliko yangu. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa umeshaamua ni uzee, na nilihofu nikisema jina lake hutauliza sababu.

Sababu ni hii. Bibi alikaa mapokezi ya hospitali miaka thelathini na moja. Kanuni yake ilikuwa moja, mtu aliyefika mezani kwake haondoki bila kujibiwa. Dirisha likifunguka na kusema "tafadhali," kwake huyo ni mtu amefika mezani. Niliwahi kumwambia, Bibi, lifunge tu. Akaniambia, "Umfungie mtu usoni na amekuuliza kwa adabu?" Na mimi, unavyonijua, nikanyamaza. Nilinyamaza miezi mitatu, nikawa namwacha ajibu, kisha nakwenda nyuma yake kufuta. Kwa hiyo niliposema ni mimi, haikuwa uongo mtupu.

Barua yako ya Mei ilipofika nilikwenda stoo nikalitoa boksi kama ulivyosema. Nikalipangusa. Nilipogeuka Bibi alikuwa mlangoni.

"Boksi la nini?"

Nikalikumbatia boksi.

"Na yule wa viatu alikuwa anapima nini?"

Nikamwambia. Yote, Mjomba. Najua ulinikataza. Alikaa juu ya gunia, akaliangalia goti lake.

"Kumbe ni kwa sababu ya hayo madirisha."

"Ndiyo, Bibi."

"Nawajibu vibaya?"

"Bibi, hakuna mtu pale."

"Hakuna vipi? Wanasema tafadhali."

"Limeandikwa mara moja tu, linatumwa kwa watu wote duniani kwa wakati mmoja. Hakuna aliyekaa anasubiri. Hata ukijibu hakuna anayesikia. Kuna mlango tu unafunguka, wanaingia wengine."

Alilikanda goti lake kwa kiganja. Kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo barua ya yule mama nimeipoteza kwa sababu nilikuwa namjibu mtu asiyekuwepo, na aliyekuwepo amekaa mbele yangu analia."

Nikalishusha boksi chini.

Akapangusa vumbi kwenye gauni. "Unajua, hospitali walikuwa wanakuja wauza dawa. Wana tai, wana mikoba, kila sentensi ina tafadhali. Kila siku. Daktari mkuu yuko nyuma ya mlango namsikia anavyokunywa chai. Unajua nilikuwa nawaambia nini?"

"Nini, Bibi?"

"Daktari hayupo. Natabasamu, wanaondoka. Wewe ungeniambia mapema kwamba hawa ni wale, ningejua cha kufanya."

Basi. Ilikuwa inahitaji mtu wa kumwambia, na mtu huyo alikuwa mimi, na nilikaa nyuma ya printa.

Kesho yake tulikaa wote wawili mbele ya kompyuta kabla ya kufungua mlango. Nilimsomea daftari langu. Programu kumi na moja zote zina tarehe za Machi kuja mbele, hizo ni za Bibi. Lakini kuna moja ya zamani kuliko zote, na kila tunapofuta nyingine yeye hubaki, na baada ya siku mbili tatu wenzake wanarudi. Niliangalia saa wanazoingia. Yeye ndiye anayewafungulia.

Ni ile ya kutazamia mpira, Mjomba. Iliingia Jumapili tarehe tisa Februari, saa kumi na dakika tano jioni. Siku hiyo mimi nilikuwa bado bwenini. Bibi alikuwa hajui hata kuiwasha mashine. Anasema anakumbuka ulikuwa umekaa kwenye kiti cha wateja, na ulipiga kelele za goli.

Sikuandikii hivi ili kukusuta. Uliniambia niiache na nimekuwa nikiiacha. Mwisho wa Mei niliiondoa bila ruhusa yako. Leo ni siku ya tisa. Muziki umekoma. Madirisha yanakuja mawili au matatu kwa siku, hayajaisha, labda hayataisha, na bado yananichosha. Lakini hayaingizi mtu ndani. Bibi sasa anahifadhi barua kila mwisho wa aya, nimemwekea kikaratasi kwenye kibodi.

Jumanne yule mama mfua nguo alirudi. Dada yake amejibu. Ameandika ukurasa mzima, eti "na mimi nipo," halafu mengine mengi ambayo Bibi alimsomea kwa sauti ndogo na mimi nikatoka nje. Alitaka kujibu. Nilirudi nikamkuta yuko katikati ya kusema, na dirisha likafunguka. Hatari, tafadhali, bonyeza sasa. Bibi hakuinua hata kichwa. Mkono wake ulikwenda kwenye kipanya peke yake, hadi pembeni juu kabisa.

"Daktari hayupo," akaliambia, na kulifunga. "Endelea, mama. Ulikuwa unasema kuhusu harusi."

Mjomba, umeniomba neno moja. Nimelitafuta wiki mbili. Nimejaribu kuliandika ulivyotaka, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na umechoka na sipendi kukuongezea. Boksi nimelirudisha nyuma ya mikeka. Neno lenyewe ni hapana.

Njoo tarehe tano, tutafurahi. Lakini njoo kutusalimia.

Mpwa wako,
Kimya


21 Juni

Kimya,

Marahaba, na hongera sana kwa matokeo. Nimewaambia hapa kazini, hata anayekohoa amekupigia makofi.

Barua yako nimekaa nayo kwenye ukuta wa bwawa mchana wote. Jumapili ile nilikuwa nimemaliza kufunga mashine na mechi ilikuwa imeanza dakika tano zilizopita. Nilitafuta ya bure. Iliniuliza maswali mengi, nikabonyeza endelea, endelea, endelea, sikusoma hata moja. Ulipoandika mara ya kwanza nilijua. Si kujua kabisa, lakini nilijua. Ndiyo maana nikakuambia uiache. Nilidhani ukiiondoa utaiona tarehe. Kumtilia shaka Mama kulikuwa rahisi kuliko kukumbuka ni nani alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Nimechoka, mpwa wangu, lakini hilo si kosa lenu. Kila barua ikifika kutoka nyumbani naifungua nikiwaza nini tena kimeharibika, na nilitaka kiwe kimoja kidogo. Sikuwaza kwamba hicho kimoja ni asubuhi za Mama.

Tarehe tano nitakuja na mkoba tu. Nitamwomba radhi mwenyewe, usinitangulie. Nitaiangalia mashine kama mtaniruhusu, na wewe utakaa kando yangu unisomee kila dirisha kabla sijagusa kitu.

Jirani anaweza kuja tena kabla sijafika, nilimpa neno langu na nataka kulirudisha mwenyewe, uso kwa uso. Akija na utepe wake, mwambie Mama amtabasamie. Daktari hayupo.

Mjomba wako